Taa ya Oili Imegoma Kuzimika: Pima Kwanza, Usiishushe Injini Tena

Injini ikishafungwa na betri ikaunganishwa, gereji nzima hutega sikio kusikia kama itashika. Macho yangu mimi huwa kwenye dashibodi, kwenye ile taa nyekundu yenye mchoro wa kopo la oili. Injini ikishika, taa hiyo inatakiwa izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima gari. Usikanyage mafuta eti oili ipande, usisubiri ipate moto, usilipeleke barabarani kulijaribu. Zima kwanza, mengine yafuate.

Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na wenye magari wa huku Kigoma, maana kubahatisha kwetu ni ghali kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Fundi wa Ilala akihisi pampu ya oili imekufa, anatembea hatua chache anarudi na nyingine. Sisi pampu inapakiwa kwenye basi au treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na ikifika unagundua pampu ya mwanzo ilikuwa nzima. Muda wote huo gari liko juu ya mawe, dereva hana hesabu ya kupeleka, na mwenye gari anakupigia simu asubuhi na jioni.

Msimamo wangu ni huu: presha ya oili ikikosekana mara tu baada ya kubadili injini, anza kutafuta pale mikono ilipogusa. Swichi iliyohamishwa, waya uliounganishwa upya, filta mpya, sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) iliyobadilishwa, chujio la kunyonyea lililotoka injini moja kwenda nyingine, pampu iliyokaa kavu miezi kadhaa. Hivyo ndivyo vitu vilivyobadilika. Beringi ziwe za mwisho kushukiwa, ingawa kila anayepita gereji huzitaja za kwanza.

Watu wengi husema pampu ndiyo inayotengeneza presha. Kazi ya pampu ni kusukuma oili tu. Presha inapatikana pale oili inapokuta njia nyembamba: katikati ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na beringi zake, kwenye kamshafti, kwenye vitundu vidogo vya kichwa cha injini. Kwenye injini ndogo ya petroli iliyo nzima, nafasi kati ya krenki na beringi ni milimita 0.02 hadi 0.05 hivi. Nafasi hiyo ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja pembeni huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana injini iliyochoka huwa na presha nzuri asubuhi ikiwa baridi, halafu taa inaanza kupepesa ikishapata moto na kushuka kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Dalili ya beringi zilizolika huwa hiyo. Presha kuwa sifuri kabisa tangu dakika ya kwanza, injini ikiwa baridi na oili ikiwa nzito, ni habari nyingine: hapo ama oili haifiki, ama hakuna anayeipima vizuri.

Tuanze na kupima, kwa sababu taa hudanganya pande zote mbili.

Swichi ya oili kwenye Toyota nyingi ina waya mmoja. Injini ikiwa imezimwa, swichi inaupeleka waya ule kwenye bodi, yaani chuma cha gari, taa inawaka. Presha ikipanda, swichi inakata, taa inazimika. Kwa hiyo washa funguo bila kupiga stata, halafu chomoa waya wa swichi. Taa ikizimika, waya uko sawa. Ikiendelea kuwaka, waya umegusa chuma mahali fulani. Kwenye injini iliyotoka kufungwa, pa kwanza pa kuangalia ni pale waya unapopita kati ya bloku na mountingi, au pale ulipolala juu ya bomba la ekzosi ukayeyuka. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye bloku: taa iwake. Isipowaka, balbu imekufa au waya umekatika, na gari la namna hiyo ndilo baya zaidi, kwa sababu dereva anaendesha akiamini kila kitu ni salama.

Halafu kuna ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Swichi ya waya mmoja inapata bodi kupitia meno yake yanayoingia kwenye bloku. Ukizungushia tepu nyingi, meno hayagusi chuma vizuri na taa inaweza isiwake kabisa hata pasipo tone la oili. Tena kipande cha tepu kikikatika kinaingia kwenye njia ya oili. Meno ya swichi hizi hukaza yenyewe kadiri yanavyoingia, kwa hiyo tepu ya nini?

Kwenye Hilux na Land Cruiser zenye mshale wa presha badala ya taa, kuna mtego wake. Kile kifaa kikubwa chenye umbo la kopo ndicho kinachoendesha mshale. Kile kidogo ni swichi ya taa. Meno yake mara nyingi ni yale yale, kwa hiyo fundi anaweza kufunga kimoja mahali pa kingine bila kikwazo. Swichi ya taa ikifungwa kwenye gari la mshale, utaona kioja: injini imezimwa na funguo umewashwa, mshale uko juu kabisa, ukiwasha injini, unaanguka sifuri. Ukiona mshale unakwenda kinyume namna hiyo, acha injini, badilisha kifaa. Na ukitaka kuupima waya wa mshale, usiugusishe kwenye bodi moja kwa moja. Pitishia balbu ndogo ya testa, la sivyo unaweza kuunguza mita ya dashibodi.

Umeme ukiwa safi, au ukiwa na shaka yoyote, toa swichi na ufunge geji ya mkono ya kupimia presha, yenye mpira wake. Chombo hiki kila gereji inapaswa kuwa nacho kabla ya kununua kompresa ya pili. Angalia meno tu: swichi nyingi za Toyota ni PT 1/8, meno 28 kwa inchi, na geji nyingine huja na NPT 1/8, meno 27. Zinaanza kuingia vizuri, kisha zinakaza, na ukilazimisha unaharibu tundu la bloku ambalo halinunuliwi dukani. Tumia kiunganishi sahihi.

Kipimo cha kulinganisha nacho ni hiki. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota za miaka ya tisini, zikiwemo 5A, 4A na 3S, kiwanda kinataka injini ikiwa imepata moto isishuke chini ya PSI 4.3 (PSI ni kipimo cha presha) kwenye sailensa, na iwe kati ya PSI 36 na 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Namba ile ya sailensa ni ndogo ajabu, na taa nyingi huzimika presha ikiwa bado chini ya PSI 7. Maana yake taa kuzimika hakutoshi kukuambia injini iko salama ukiwa unapanda kwenda Kasulu na abiria wamejaa.

Sasa niwaeleze Noah iliyonifanya niandike. Ni zile Noah za zamani, injini iko chini ya viti vya mbele, 3S, zinazobeba abiria kwenye barabara zetu. Injini yake ilikuwa imekufa, mwenye gari akapata 3S nyingine iliyotoka kwenye Ipsum. Injini ni ya familia moja, ila kwenye Ipsum imekaa kwa upana na inavuta matairi ya mbele. Kwenye Noah imekaa kwa urefu na inasukuma ya nyuma. Sampu hazifanani, na chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu lazima lilingane na sampu yake. Fundi wa kwanza alilijua hilo, akahamisha sampu na chujio la Noah. Kazi aliifanya kwa akili. Injini ikashika vizuri, sauti safi, taa ikabaki inawaka.

Dereva alilileta likiwa limevutwa kwa kamba. Alifanya jambo la maana sana: aliizima mapema, akakataa kuiwasha tena. Mwenye gari, mzee wa heshima zake, alifika baadaye kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nimeambiwa hiyo injini imekwisha beringi, nimeuziwa mzoga. Ni kweli?"

"Mzee, bado hatujapima. Nipe nafasi nipime, ndipo nikujibu."

"Na wengine wanasema niweke oili nzito."

Nilimwomba asiweke. Nitaeleza sababu mbele.

Tulitoa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, tukachomoa fyuzi ya EFI ili petroli isiingie, tukafunga geji, tukapiga stata kwa vipindi vifupi na kuipumzisha katikati. Mshale haukutikisika. Nikafungua filta: ndani kavu, karatasi yake bado ina rangi ya dukani. Hapo nusu ya injini ilishatoka kwenye mashaka. Oili hutoka sampu, ikapita chujio, ikaingia pampu, ikaenda filta, ndipo iende njia kuu ya bloku, krenki na kichwa. Filta ikiwa kavu, oili imekwama kabla ya filta. Beringi, kamshafti na njia za kichwani ziko mbele ya hapo, haziwezi kulaumiwa.

Kilichobaki ni pampu iliyokauka, pampu isiyozunguka, au hewa kuingia upande wa kunyonya. Kwenye 3S pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi kwa puli yake yenyewe, tofauti na 5A au 1NZ ambazo pampu imekaa kwenye ncha ya krenki na inazungushwa nayo moja kwa moja. Tulifungua kava, puli inazunguka, nati imekaza. Basi pampu inafanya kazi. Huenda imekauka tu. Injini hizi husafirishwa bila oili, na pampu kavu haina nguvu ya kunyonya kwa sababu hakuna oili ya kuziba mianya kati ya meno yake. Nikachukua kopo la oili la mdomo mrefu, nikasukuma oili kwenye tundu la filta la upande wa pampu hadi likagoma kupokea. Tukajaza filta, tukaifunga, tukapiga stata tena.

Mshale ukapanda. Ulifika kama PSI 10, ukaanza kucheza, ukashuka taratibu hadi sifuri.

Kucheza kule kulinipa jibu. Pampu iliyokuwa kavu ikishapata oili, presha hupanda na kutulia. Ikipanda, ikacheza, ikafa, inanyonya hewa pamoja na oili, kama mrija wa soda uliotoboka juu ya kinywaji. Kuna njia ya kulithibitisha bila kushusha sampu: ongeza oili ipite alama ya juu, ili kiungo kinachoshukiwa kizame, kisha pima tena kwa stata tu, bila kuwasha injini. Tukaongeza lita moja na nusu. Mshale ukapanda ukakaa. Oili ile ya ziada hutolewa papo hapo baada ya kipimo. Injini isiwashwe nayo, krenki itaipiga hadi iwe povu.

Tukashusha sampu. Bomba la chujio hufungwa kwenye mdomo wake kwa kigasketi kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Hapakuwa na gasketi. Palikuwa na silikoni ya kijivu, imepakwa juu ya chuma chenye oili, kwa hiyo haikushika. Upande mmoja wa mdomo ilikuwa imeachia, ukitazama kwenye mwanga unaona mwanya mwembamba wenye umbo la ukucha. Hewa iliingilia pale. Na kwenye wavu wa chujio palikuwa na uzi wa silikoni iliyokauka, urefu wa kidole, umejikunja kwenye nyaya za wavu. Huo ungeachwa, ungekuja kuziba siku nyingine gari likiwa mbali na mji.

Namuelewa fundi mwenzangu. Gasketi ile haiuzwi peke yake dukani Mwanga, hapa mjini Kigoma, na seti nzima ilikuwa haijafika. Ila palipotakiwa gasketi, silikoni haifai, hasa upande wa kunyonya. Tulichukua karatasi ya gasketi, tukailaza juu ya mdomo wa bomba, tukagongagonga kingo kwa kichwa cha duara cha nyundo ndogo hadi karatasi ikajikata yenyewe kwa umbo la chuma. Matundu ya bolti tuliyatoboa kwa namna hiyo hiyo, kwa gololi ya beringi. Kazi ya muda mfupi, na gasketi inakaa kama ya kiwandani. Silikoni ina mahali pake, pale sampu inapokutana na bloku: mstari mwembamba wa milimita 3 hadi 5, chuma kikiwa kimekaushwa kabisa, sampu ifungwe kabla silikoni haijaanza kukauka. Ukipaka nene, inayobanwa kwenda ndani ndiyo inayogeuka uzi kwenye chujio.

Kama ingebidi kufungua pampu yenyewe, ningeijaza mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, katikati ya gia zake. Yanaziba mianya, pampu inanyonya mara moja, kisha yanayeyuka kwenye oili moto bila madhara. Girisi usiweke; haiyeyuki vizuri, inakwenda kukaa kwenye vitundu. Girisi ni ya kuhifadhi, na sisi wa Kigoma tuna ushahidi wake majini. Wajerumani walipoizamisha meli yao Ziwa Tanganyika Julai 1916, walizipaka injini girisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kila nikikumbuka habari hiyo nawaheshimu mafundi wale: vita inawafukuza, na bado wanaifikiria injini itakayokuja kuwashwa na wengine.

Noah ilipofungwa, tulipiga stata bila plagi hadi mshale ukatulia, ndipo tukarudisha plagi na kuwasha. Taa ilizimika papo hapo. Ikiwa baridi, zaidi ya PSI 50. Baada ya kupata moto hadi feni ikafanya kazi, PSI 14 kwenye sailensa na 45 kwenye mizunguko 3,000. Injini iliyoitwa mzoga.

Yapo mengine nitakayoyapitia haraka. Filta ikitolewa, raba yake wakati mwingine hubaki kwenye bloku. Ukifunga mpya juu yake zinakuwa mbili, na oili yote inamwagika chini dakika ya kwanza. Sampu iliyobonyea kwa jiwe inaweza kuukaribia mdomo wa chujio na kuuziba. Valvu ya kupunguza presha ikikwama wazi kwa uchafu, oili inarudi ilikotoka bila kuzunguka. Na injini iliyotoka kwenye mashine kuchongwa krenki, hakikisha vizibo vyote vya njia za oili vimerudishwa. Kizibo kimoja kilichosahaulika nyuma ya bloku kinatosha kuua presha yote.

Kuhusu oili nzito: inapandisha namba kwenye geji, ni kweli, kwa sababu inapita kwa shida kwenye nafasi zilizopanuka. Kwa injini iliyochoka itamsogeza mtu mbele kidogo. Lakini kwa tatizo la kunyonya inaumiza, maana oili nzito ni ngumu zaidi kuvutwa kupitia chujio, na hewa ni nyepesi, itatangulia yenyewe. Mzee yule angeweka oili nzito, pengine mshale ungecheza juu kidogo, taa ikazimika, safari ikaanza, na kamshafti ndiyo ingelipa. Kwenye 3S kamshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya kichwa, haina beringi ya kubadilisha. Ikikwaruza pale, umenunua kichwa kizima.

Swali la mwisho la mzee lilikuwa zuri kuliko yote: "Zile dakika iliyowaka bila oili, haijaumia?" Hilo halijibiwi kwa maneno. Nilimwomba arudishe gari baada ya kilomita 500, na alilirudisha. Tulimwaga oili kwenye beseni safi, tukaikata filta kwa msumeno mdogo, tukaikunjua karatasi juani. Chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma. Zinazong'aa kijivu na hazinati ni alumini au ngozi ya juu ya beringi. Ukiona rangi ya shaba, ujue beringi imelika hadi tabaka la ndani, na hapo injini ifunguliwe bila mjadala. Kwenye filta ya Noah tulikuta vipande vichache vya silikoni na vumbi la kijivu la kawaida. Shaba hapakuwa. Tukafunga filta mpya, tukaweka oili ya kawaida, geji ikasoma kama awali, nikamwambia dereva alete tena baada ya kilomita 3,000 tuikate na hiyo.